Kusoma Shahada ya Kilimo cha Jumla: Mwongozo Kamili Kuanzia Mtaala Hadi Utafiti wa Mwisho

Ndani ya miaka mitatu au minne, anayesoma kilimo cha jumla hupitia udongo, mazao, mifugo, wadudu, magonjwa, mashine, maji, uchumi na ugani (kazi ya kuwashauri wakulima). Upana huo ndio faida ya shahada hii, na ndio hatari yake pia. Mwanafunzi asiyejipanga hufaulu kozi moja baada ya nyingine, lakini akisimamishwa mbele ya mmea wenye majani ya njano hukumbuka mihadhara sita na hajui aanzie upi. Je, ni upungufu wa nitrojeni? Basi majani ya chini, yaliyozeeka, ndiyo yangeanza kugeuka, maana mmea huhamisha nitrojeni kuipeleka kwenye machipukizi. Je, ni chuma? Hapo njano ingeanzia majani machanga, katikati ya mishipa inayobaki kijani. Au maji yametuama na mizizi haipumui? Au minyoofundo, minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, imeishambulia? Swali moja tu, na tayari umegusa fiziolojia ya mimea, kemia ya udongo, umwagiliaji na visumbufu.

Kazi yako kubwa kama mwanafunzi wa kilimo cha jumla ni kuziunganisha kozi hizo, kwa sababu ratiba ya chuo haitakuunganishia. Hapa nimekaa zaidi kwenye udongo, takwimu na utafiti wa mwisho. Ndipo wengi hukwama.

Kabla ya kuomba nafasi: soma mtaala, usisome jina

Jina la programu hudanganya. Chuo kimoja kikisema kilimo cha jumla kinamaanisha mazao na mifugo kwa uzito sawa. Kingine kinamaanisha agronomia (sayansi ya mazao na udongo) iliyoongezewa kozi mbili za wanyama. Tafuta orodha ya kozi za kila semesta, uisome mstari kwa mstari, kisha utafute majibu ya mambo manne. Chuo kina shamba lake ambalo wanafunzi wanalifanyia kazi, au wanapelekwa kutazama tu? Mafunzo kwa vitendo yanachukua wiki ngapi, na yanaangukia msimu wa kilimo au likizo ya kiangazi wakati mashamba ni matupu? Utafiti wa mwisho ni wa lazima? Na je, mwaka wa tatu unaruhusiwa kuchagua kozi za kuzama katika eneo moja?

Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Programu isiyo na kozi za kuchagua itakufikisha mwisho ukiwa na upana bila kina, na itakubidi utafute kina mwenyewe nje ya darasa.

Hakikisha pia kwamba programu inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi husika. Iwapo kazi unayoitaka inahitaji usajili wa bodi ya taaluma, uliza kama shahada hiyo inakubalika huko. Shahada ya kilimo haikufanyi daktari wa mifugo, hata kama umesoma kozi tano za afya ya wanyama.

Kwa masomo ya awali, vyuo vingi hutaka biolojia na kemia, na vingine huongeza hisabati, fizikia au jiografia. Kama una miezi michache kabla ya kuanza, itumie kwenye kemia na hesabu za uwiano. Biolojia utaipata njiani.

Mwaka wa kwanza: usiidharau kemia

Mwaka wa kwanza huwachosha waliokuja wakitarajia kushika jembe, kwa kuwa unajaa kemia, botania, zoolojia, hisabati na kompyuta. Wengi huzisoma ili zipite. Hasara yake huonekana mwaka wa pili.

Chukua mfano mmoja. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, kwa hiyo hushikilia kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na amoniamu, ambazo zina chaji chanya. Nitrati nayo ina chaji hasi. Udongo haushiki nitrati kwa namna hiyo, na mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Ukilielewa hilo, hutahitaji kukariri kwa nini mbolea ya nitrojeni hugawanywa mara mbili au tatu katika msimu, kwa nini udongo wa kichanga huhitaji dozi ndogondogo, wala kwa nini visima karibu na mashamba yaliyojazwa mbolea hupata nitrati. Hayo matatu yanatoka kwenye ukweli mmoja wa kemia.

Katika botania, shika vizuri usanisinuru na tofauti ya mimea ya C3 na C4, makundi mawili yanayotofautiana kwa namna ya kunasa kaboni dayoksaidi. Mahindi, mtama na miwa ni C4. Ngano, mpunga na maharage ni C3. Tofauti hiyo itakurudia kila mara utakapozungumzia joto, ukame na matumizi ya maji. Katika jenetiki, fanya mazoezi ya kanuni za Mendel za urithi wa sifa kwa mikono mpaka uwiano wa 9:3:3:1 (mgawanyo wa kizazi cha pili sifa mbili zinaporithiwa bila kutegemeana) ukutoke wenyewe, kwa sababu uzalishaji wa mbegu utajengwa juu yake.

Anza daftari la shamba wiki ya kwanza

Nunua daftari gumu linaloingia mfukoni na penseli, maana wino huyeyuka kwenye mvua. Chagua kipande kimoja cha ardhi unachopita kila wiki: ploti ya chuo, bustani ya nyuma ya bweni, hata ukingo wa njia wenye magugu. Kila wiki andika tarehe, hali ya hewa, hatua ya ukuaji wa mmea, mdudu uliyemwona na mahali alipokuwa (juu ya jani, chini yake, kwenye shina), na swali moja ambalo huna jibu lake. Kisha peleka swali hilo darasani.

Simu inapiga picha nzuri, na upige. Ila picha haikulazimishi kuhesabu. Kuandika "mimea 7 kati ya 20 ina majani yenye matundu" kunakufundisha kuona kwa idadi, na ndiyo lugha utakayoihitaji kwenye takwimu.

Udongo: kozi inayoziunga nyingine

Kama kuna kozi moja ya kuipa saa za ziada, ni hii. Anza kwa vidole. Chukua udongo ulioloweshwa kidogo, uukande, ujaribu kuusukuma kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Wa kichanga haufanyi utepe na unakwaruza. Wa mfinyanzi hutoa utepe mrefu na kunata. Wenye silti nyingi ni laini kama unga. Linganisha jibu la vidole vyako na la maabara kila unapopata nafasi. Baada ya sampuli kadhaa utaanza kukosea kidogo tu.

Kisha jifunze kuchukua sampuli, kwa sababu maabara bora haiwezi kurekebisha sampuli mbovu. Gawanya shamba kulingana na mteremko, rangi ya udongo na historia ya matumizi. Ndani ya kila sehemu tembea kwa mtindo wa zigizagi, ukichota mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20. Kwepa lilipokuwa rundo la samadi, chini ya miti, kwenye kichuguu na kando ya njia. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki (ndoo ya mabati itaharibu vipimo vya zinki), punguza kwa kugawa robo na kutupa robo mbili zinazokabiliana, bakiza kama nusu kilo, anika kivulini, chekecha kwa chekecheo la milimita 2. Andika lebo mbili, moja ndani na moja nje.

Sasa hesabu. Hizi zifanye mpaka usihitaji kuangalia popote.

Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Tabaka la juu la sentimita 15, lenye uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo, lina tani 1,950, yaani karibu kilo milioni 2 za udongo. Kwa hiyo miligramu 1 ya kirutubisho kwa kila kilo ya udongo ni takriban kilo 2 kwa hekta. Hapo ndipo karatasi ya maabara inapogeuka kuwa kitu cha shambani.

Pendekezo likisema kilo 60 za nitrojeni kwa hekta na una urea yenye nitrojeni asilimia 46, gawanya 60 kwa 0.46: kilo 130 za urea. Kwa ploti ya mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20, hiyo ni gramu 261. Mwanafunzi anayesahau kugawa kwa asilimia ya kirutubisho huweka chini ya nusu ya kiasi kinachotakiwa, kisha anaandika kwamba mbolea haikufanya kazi.

Angalia pia namba za kwenye mfuko. Fosforasi huandikwa kama P₂O₅ na potasiamu kama K₂O. Kupata fosforasi yenyewe zidisha kwa 0.44, potasiamu zidisha kwa 0.83. Kilo 100 za mbolea ya DAP (18-46-0, yaani asilimia za nitrojeni, P₂O₅ na K₂O) zina kilo 18 za nitrojeni na kilo 20 hivi za fosforasi, si 46.

Kuna kanuni moja ambayo itakuokoa na kupendekeza mbolea kwa mazoea: mavuno huzuiwa na kirutubisho kilicho haba zaidi, hata vingine vikiwa tele. Mwanasayansi wa Kijerumani Carl Sprengel aliieleza, na mwenzake Justus von Liebig akaieneza katika karne ya 19. Kama pH ya udongo (kipimo cha asidi) iko 4.8, yaani asidi ni kali, na aluminiamu inaua mizizi, nitrojeni ya ziada ni hasara. Kinachotangulia ni chokaa ya kupunguza asidi.

Mazao, wanyama na visumbufu

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ni eneo ambalo wanafunzi wengi hulipenda bila kusukumwa.

Kwenye mazao, elewa idadi ya mimea. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mmea mmoja kwa shimo, ni mimea 53,333 kwa hekta. Jizoeze pia kurekebisha uzito wa nafaka kulingana na unyevu: kilo 3.2 zenye unyevu wa asilimia 20 ni kilo 2.94 zikiletwa kwenye asilimia 13 (3.2 × 80 ÷ 87). Bila marekebisho hayo unalinganisha maji, si mavuno.

Kwenye mifugo, muda wa mimba uwe kichwani: ng'ombe siku 283 hivi, mbuzi na kondoo kama 150, nguruwe 114, sungura 31, yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Jifunze kuchanganya chakula kwa mraba wa Pearson. Ukitaka chakula chenye protini asilimia 18 kutokana na mahindi (9) na mashudu ya soya (44), unatoa kwa mshazari: mahindi sehemu 26, soya sehemu 9. Jumla ni 35, kwa hiyo mahindi ni asilimia 74.3 na soya 25.7. Kumbuka mraba huo unaangalia protini tu. Nishati, kalsiamu na amino asidi vinahitaji hesabu nyingine.

Kwenye viuatilifu, usishike bomba kabla ya kusoma lebo yote: kiambato amilifu (kemikali yenyewe inayoua kisumbufu), vifaa vya kujikinga, muda wa kutoingia shambani, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha pima bomba kwa maji matupu. Ukitumia lita 2 kwa mita za mraba 100, unatumia lita 200 kwa hekta. Dawa ya lita 1 kwa hekta, kwenye bomba la lita 15, ni mililita 75. Watu wawili wenye mwendo tofauti watapata namba tofauti kwa bomba lilelile, ndiyo maana kipimo hiki hakiazimwi kwa jirani.

Takwimu: mahali pa kupoteza hofu mapema

Takwimu za kilimo zilizaliwa shambani. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, John Lawes na Henry Gilbert walianzisha mwaka 1843 jaribio la mbolea kwenye ngano katika shamba la Broadbalk, na linaendelea hadi leo. Mwaka 1919 kituo hicho kilimwajiri mwanatakwimu Ronald Fisher ayapitie matokeo yaliyokuwa yamerundikana. Mbinu alizozijenga humo, pamoja na uchanganuzi wa varianzi (kutenganisha tofauti zinazotokana na jaribio na zile za bahati tu), ndizo unazofundishwa leo darasani.

Misingi yake mitatu haihitaji fomula. Marudio: ploti moja kwa kila kiwango haitoshi, maana huwezi kujua kama tofauti imetokana na mbolea au na kipande kizuri cha ardhi. Kura: nani akae wapi kunaamuliwa kwa bahati nasibu, kwa sababu jicho lako litaipendelea mbolea unayoiamini. Makundi: kama shamba lina mteremko, panga makundi ya ploti kukatiza mteremko, ili ploti za kundi moja ziwe na hali inayofanana, na kila kundi liwe na viwango vyote.

Tuseme unalinganisha viwango vinne vya samadi kwenye makundi manne. Ploti ni 16 na digrii za uhuru (idadi ya vipande vya taarifa vilivyo huru, yaani ploti kutoa moja) ni 15: viwango 3, makundi 3, na makosa, yaani tofauti za bahati zisizoelezwa na viwango wala makundi, yanabaki na 9. Ukipunguza makundi kuwa mawili, makosa yanabaki na 3 tu, na jaribio lako litashindwa kuona hata tofauti ya kweli. Fanya hesabu hii kabla ya kuchimba shimo la kwanza.

Jedwali la kwanza la uchanganuzi lifanye kwa kalamu na kikokotoo. Baada ya hapo hamia kwenye programu. R ni ya bure na hutumika sana kwenye utafiti. Aliyeanza na programu moja kwa moja hubonyeza vizuri lakini hajui kusema kilichotoka kina maana gani.

Uchumi na ugani

Hizi huitwa kozi rahisi, na kwa maoni yangu ndizo zinazomtenganisha mtaalamu na msomi wa darasani. Mavuno makubwa zaidi si lazima yawe na faida kubwa zaidi. Kwenye bajeti ya sehemu unaangalia kinachobadilika tu: gharama iliyoongezeka, gharama iliyopungua, mapato yaliyoongezeka, mapato yaliyopotea. Ipitishe kila teknolojia unayofundishwa kwenye mistari hiyo minne, na usisahau nguvukazi ya kupalilia au kubeba.

Ugani nao huanza kwa kuuliza. Mkulima aliyeacha kutumia mbegu bora ana sababu, na mara nyingi ni ya hesabu: mbegu ilichelewa, mkopo ulikuwa ghali, au nafaka yake hushambuliwa haraka ghalani. Jizoeze kumhoji mtu bila kumpa jibu ndani ya swali.

Mafunzo kwa vitendo

Anza kutafuta nafasi semesta nzima kabla. Usikimbilie taasisi yenye jina kubwa ambako utapanga mafaili. Shamba la wastani lenye meneja anayeeleza maamuzi yake lina faida zaidi. Kabla ya kukubali, uliza nani atakusimamia, shughuli gani zitakuwa zinaendelea wiki hizo, na kama kuna bima na vifaa vya kujikinga.

Ukifika, fanya kazi zote, pamoja na kusafisha mabanda. Ila kila siku andika uamuzi mmoja uliofanywa na sababu yake. "Tulimwagilia" haina thamani kwenye ripoti; "tulichelewesha kumwagilia kwa siku mbili kwa sababu udongo wa kina cha sentimita 20 ulikuwa bado unashikana mkononi" ina thamani. Wasikilize pia vibarua wa siku nyingi, maana wao ndio wanaojua kona gani ya shamba hutuamisha maji.

Kuchagua kina kabla ya utafiti

Mwanzoni mwa mwaka wa tatu fungua daftari lako la shamba usome maswali yote uliyoandika. Yapange kwa makundi. Mara nyingi yatakuwa yameelemea upande mmoja: udongo, mbegu, lishe ya wanyama, masoko. Hapo pana ushahidi zaidi kuliko kwenye alama zako, kwa kuwa alama hupanda na kushuka kulingana na mhadhiri. Chukua kozi za kuchagua upande huo, kisha ongeza stadi moja inayobebeka kokote: ramani za GIS (ramani za kompyuta), uchanganuzi wa data, au kazi za maabara.

Utafiti wa mwisho: hesabu kuanzia nyuma

Kosa linaloua tafiti nyingi za shahada ya kwanza ni la kalenda. Mmea haujui tarehe ya kuwasilisha. Chukua tarehe hiyo urudi nyuma: miezi miwili ya kuandika na kusahihishwa, mwezi mmoja wa kukausha, kupima na kuchanganua, miezi minne ya zao la nafaka shambani, wiki kadhaa za kuandaa ardhi na kutafuta mbegu, mwezi au zaidi wa pendekezo kusomwa na kuidhinishwa. Karibu miezi tisa, na lazima kipindi cha shambani kiangukie msimu. Kama haitoshi, badilisha swali: mboga za majani za wiki sita, jaribio la uotaji wa mbegu, utafiti wa vyungu, au dodoso. Likihusisha watu au wanyama, ongeza muda wa kibali cha maadili.

Swali liwe dogo. "Athari za mbolea kwenye kilimo" ni mada ya maisha mazima. "Viwango vinne vya samadi ya kuku na uzito wa mchicha kwenye udongo wa kichanga" ni swali linalofanyika. Liandike kwa namna ambayo jibu linaweza kuwa hapana, na ukipata hapana, iandike vilevile. Jaribio lililoendeshwa vizuri na lisiloonyesha tofauti linafaulu. Lililopikwa namba hugundulika, kwa sababu namba za kupika huwa nadhifu mno.

Tengeneza fomu ya data kabla ya kupanda, yenye safu ya tarehe, ploti, kipimo, aliyepima na maoni. Acha mistari ya pembeni ya kila ploti bila kuipima, maana mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi zaidi. Piga picha kila ukurasa siku hiyohiyo na uihifadhi mahali pawili. Muone msimamizi kila wiki mbili ukiwa na karatasi moja: nilichofanya, nilichoona, ninachokwama. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi humkumbuka anayekuja na karatasi.

Ukimaliza, tunza data ghafi, ramani ya ploti na daftari pamoja na ripoti. Anayekuhoji kwa ajili ya kazi au shahada ya uzamili anaweza kukuuliza ulipangaje jaribio, na ramani ya ploti uliyoichora mwenyewe hujibu haraka kuliko cheti.